Migomba ya Mama Mkwe kwenye Ripoti ya Chuo

Niseme mapema nisije nikazungukazunguka: migomba ya mama mkwe wangu niliiua mimi. Chuo kilisaidia na wizara ikapiga makofi, lakini mkono ulioshika panga ulikuwa wangu.

Tunakaa kwenye mteremko karibu na Ikonge, majani chai juu, migomba chini kuelekea mtoni. Ile ya chini mama mkwe aliipanda akiwa bado bibi harusi. Nilipoolewa alinipa machipukizi matatu, akayapanda mwenyewe nyuma ya jikoni yangu, akaniambia sasa hata tukikosana hutalala njaa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nina mtoto tumboni. Nilikuwa na hasira na kila kitu.

Kisha chuo kikuu kimoja cha umma kikaleta mradi wa miche ya ndizi iliyokuzwa maabara. Kikundi chetu kilihitaji mtu wa kuandika, na mimi ndiye niliyekuwa na mwandiko. Nikawa katibu. Mhadhiri aliyesimamia mradi, mtoto wa kijiji cha pili tu, alikuwa akiniita Bi Katibu mbele ya watu. Sikuwa nimewahi kuitwa chochote isipokuwa mama wa fulani. Sidanganyi, nililipenda hilo jina.

Miche tuliipanda juu, kando ya majani chai. Mwanzo ilinawiri, halafu ikaanza kunyauka mmoja mmoja. Ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Mhadhiri mwenyewe alikuwa ametufundisha kwamba ukikata mgomba mgonjwa, panga ulipitishe motoni kabla hujagusa mwingine. Niliandika hayo maneno kwenye daftari la kikundi na kuyapigia mstari.

Siku moja akaja akiwa na haraka.

"Bi Katibu, wageni wa wizara wanakuja Alhamisi. Hawa ndio wanaamua kama chuo kitapewa pesa za utafiti ama mradi utafungwa. Hawataki kusoma makaratasi. Wanataka kuona mkulima na shamba."

"Waone nini, daktari? Nusu imekauka."

Akatazama chini mtoni. "Ile ni ya nani?"

"Ya mama mkwe."

"Mikungu mizuri sana hiyo," akasema. "Isafishe kidogo."

Basi. Hakuniambia nidanganye. Watu waliosoma sana hawakuambii udanganye, wanakuachia umalizie mwenyewe. Nami nikamalizia.

Alhamisi asubuhi mtoto alikuwa analia mgongoni na mimi nakimbizana na saa. Nilianzia juu, nikakata majani ya manjano ya miche ya mradi ili wageni wasiyaone wakipita. Kisha nikateremka moja kwa moja na panga lilelile, nikasafisha ya mama mkwe shina kwa shina mpaka ikapendeza. Moto ulikuwa jikoni, chai ya wageni ikichemka juu yake. Sikuwa nimesahau. Niliona tu kwamba nitachelewa.

Wageni walishuka kwenye magari mawili. Mama mmoja mwenye faili aliuliza kama yote hii ni ya mradi. Nikasema ndiyo. Mama mkwe alikuwa amesimama kando na gauni lake la Sabato. Kiswahili anakisikia kidogo cha sokoni, hawezi kukijibu.

"Muulize mama, maisha yamebadilika vipi tangu chuo kije?" akasema mwenye faili.

Nikamuuliza kwa Ekegusii. Akajibu kwa utaratibu, akinyoosha mkono: "Waambie hii ni yangu, nimeitunza tangu kabla mume wako hajazaliwa. Waambie ile ya juu ndiyo yao, na ni migonjwa, na naogopa ugonjwa utashuka huku. Waulize watatusaidia vipi."

Mhadhiri alielewa kila neno. Akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Anasema anashukuru sana," nikatafsiri. "Anasema sasa wajukuu wanakula wanashiba."

Mama mwenye faili akaandika. Mama mkwe akanivuta kitenge. "Wamesemaje?"

"Wamesema watalishughulikia."

"Mbuya mono," akawaambia, asante sana, akawashika mikono wote. Hapo ndipo walipompiga picha.

Haikupita miezi mingi, ndizi zake zikaanza kuiva upande mmoja, ukizipasua ndani ni kahawia. Kila asubuhi aliniuliza kama wale watu wamepiga simu. Kisha anawatetea mwenyewe: "Watu wa serikali wana kazi nyingi, mwanangu. Watakuja." Nilikuwa naingia jikoni kuosha sufuria safi.

Mwishowe nilienda ofisini kwa mhadhiri, mtoto mgongoni. Alinionyesha ripoti. Mama mkwe alikuwa kwenye ukurasa wa kwanza anacheka.

"Ikiwa nitaandika sasa kuna ugonjwa," akasema, "wataniuliza siku ile waliona nini. Watakata pesa, na vikundi vingine vitaumia."

"Na sisi?"

"Nyinyi mmefuzu. Sasa mradi unahamia kwa vikundi vya Nyansiongo."

Nilimtukana. Nilimwita mwongo na mwizi wa jasho la wazee, mpaka mtu wa ofisi ya pili akachungulia. Alingoja nimalize.

"Dada," akasema kwa upole, "ni nani alitafsiri?"

Nilikaza kitenge cha mtoto mgongoni, nikarudi nyumbani.

Tuliing'oa yote, mimi na mama mkwe, maana hakuna dawa. Unachimba hadi mzizi, unafukia. Tukiwa kwenye shina la nne akasema hajui dhambi gani alifanya. Hiyo ikanishinda. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama ndani ya shimo: panga, na alichosema yeye mbele ya wageni, na nilichosema mimi.

Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia. Alikaa chini kwenye majani makavu, akafuta mikono kwa gauni, akaniambia leta karatasi.

Akanitajia maneno ya barua ya kupeleka wizarani, mimi niandike. Alisema tena yale ya siku ile, karibu neno kwa neno, na mimi nikayaweka kwa Kiswahili bila kuongeza hata salamu. Aliongeza kwamba siku ile maneno yake yalipindwa, migomba imekufa, na picha yake waitoe. Halafu akataka nimsomee kwa lugha yetu. Nikasoma polepole. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Chuo nimekisikia. Wageni nimewasikia." Akafungua macho. "Wewe uko wapi kwa hii barua?"

Sikuwemo. Nilikuwa nimeandika kwamba wageni walipewa maelezo yasiyo sahihi, kama vile yalijipeleka yenyewe. Nikageuza karatasi upande wa pili na kuanza upya, na mstari wa kwanza nikaandika: Mimi ndiye niliyetafsiri.