Masikio ya Babu Stamatis

Tangu Noeli, mzee Stamatis hakuwa amekanyaga kwa kinyozi. Nywele zake nyeupe zilimfunika masikio, na kijiji kizima kikasema uzee umemtia ujana. Thubutu! Chini ya nywele alificha vifaa viwili vya kumsaidia kusikia. Yeye ndiye aliyeongoza waimbaji wa kanisa tangu enzi za ujana wake, na Andonis, mwimbaji wa upande wa kushoto wa kanisa, alikuwa anakimezea mate kiti chake.

Jumapili moja waimbaji walikutana ukumbini wasikilize rekodi ya Pasaka iliyopita, kisha wachague atakayeongoza mwaka huu. Stamatis alichepuka msalani akabadilisha betri, asije akaumbuka. Masikini, hakujua kwamba vifaa hivyo vikipata betri mpya hujitangaza hewani, kwa jina, kwa kompyuta yoyote inayotafuta. Na jina aliliweka mjukuu wake.

Mwalimu Fotini akawasha kompyuta itafute spika. Projekta ikayatupa majina ukutani, makubwa: Spika ya Ukumbi. Simu ya Andonis. Masikio ya Babu Stamatis.

"Lahaula!" Andonis akaangua kicheko. "Mzee, kumbe masikio yako yana betri?"

"Achana na mimi! Mjukuu anachezea simu tu," Stamatis akasema, uso umemwiva. "Mimi nasikia hata sisimizi akipiga chafya!"

Fotini akaona haya kwa niaba yake. Akataka kuyaondoa majina haraka, mkono ukateleza, akabonyeza lile la mwisho. Rekodi ikaanza kucheza. Ukumbi kimya.

"Mbona haitoi sauti?" mtu akauliza.

Stamatis hakumsikia. Rekodi ilikuwa inaingia moja kwa moja kwenye vifaa vyake; Pasaka yote ilikuwa imejaa kichwani mwake, safi kuliko alivyowahi kuisikia. Waimbaji walianza vizuri, kisha sauti moja ikapotea njia, ikabaki nyuma, ikawaburuta wenzake.

"Nani huyu bwege?" akafoka. "Anaharibu wimbo mzima! Mtoeni!"

Watu wote wakamgeukia. Hakuna mwingine aliyekuwa amesikia kitu.

Ndipo akaitambua sauti ile. Ilikuwa yake. Na siku ile ya Pasaka, baada ya ibada, wote hawa walimpa mkono wakamwambia ameimba vizuri.

Alitamani ardhi immeze. Andonis hakucheka tena, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Zima, mwalimu," Stamatis akasema. Akasukuma nywele nyuma ya masikio, vifaa vikaonekana. "Andonis, mwanangu, mbona hamkuniambia?"