Paka Niliyemwokoa Mimi Mwenyewe

Wasomaji, wakosaji nawataja wazi. Wa kwanza ni mke wangu Biira, aliyekaanga samaki siku ya mfungo, eti ni wa mwanetu Kule na wadogo zake. Wa pili ni paka wetu, Afande. Huyu nilimtoa kwa mikono yangu kwenye mafuriko ya Kasese, maji yakibeba nyumba yangu na vitanda vyote. Tukahamia naye Bwera, nikamlisha. Asante yake ndiyo hii.

Mfungo niliutangaza mimi. Jioni hiyo wanamaombi walikuwa wanakuja kwetu kunisimika kiongozi wao, cheo nilichokitamani tangu tuhame. Lakini njaa ilinizidi, nikachukua kipande kimoja cha samaki jikoni. Kabla sijakila, mchungaji akabisha hodi. Nikakisokomeza kwenye mfuko wa koti, nikatoka na uso wa mtakatifu.

Nikapiga magoti mkekani. Mchungaji akaniwekea mikono kichwani. "Bwana, tazama Baba Kule, mutu anajua kufunga!"

Nikajipa moyo. Kwenye maombi kila mtu anafumba macho, nani ataona?

Walifumba wote, isipokuwa Afande. Alinipanda mgongoni, akashuka hadi mfukoni, akaanza kuvuta. Nilimsukuma kwa kiwiko huku nikipaza sauti, "Amina!" Akanguruma. Samaki akaangukia Biblia ya mchungaji iliyokuwa mkekani.

Maombi yakakatika.

"Baba Kule!" Biira akamaka. "Hiyo si ya mutoto?"

Mchungaji akainama, akamtazama samaki, kisha akaniuliza kwa upole, "Na huyu naye iko anafunga?"