Kikombe cha Nne cha Mama Asha

Baba yangu, Papa Zuberi, alikuwa fundi saa pale Kabondo, na kwa ufundi wake sina neno. Ungemletea saa iliyozama mtoni, angekurudishia ikitembea. Lakini katika mambo ya kununua na kuuza, Mungu amrehemu, alikuwa na vituko vyake, na mimi Nyota, binti yake wa pekee, niliviona vyote.

Uhuru haukuwa umemaliza hata wiki tatu, mwaka ule wa 1960, Wabelgiji wakaanza kuuza vitu vyao barazani. Friji ilikwenda kwa bei ya baiskeli. Watu wenye akili zao walinunua vitanda na cherehani. Baba alirudi nyumbani amekumbatia mashine ya kahawa kutoka Italia.

Haikuwa ile ya hoteli, ilikuwa ya nyumbani, ya watu wenye uwezo: tangi la shaba lililopakwa kromu, na mkono mrefu wa chuma pembeni. Unajaza kahawa kwenye kichujio, unangoja maji yapate moto, unainua mkono, unaushusha polepole, na chini inachuruzika kahawa nzito yenye povu la rangi ya asali. Madame aliyemwuzia alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Alilia akiifunga, baba naye akalia kidogo kwa heshima.

Kuanzia siku ile nyumba yetu ilipata sheria mpya. Kromu haiguswi kwa kidole kitupu. Sanduku lake la mbao halitiwi vitunguu. Kijitabu chake cha Kiitaliano kilikaa ndani ya bahasha, hakifunguliwi kisije kikachakaa. Yote hayo kwa ajili ya siku ya kuuza. Baba alikuwa na hesabu zake: unanunua kizuri kilichotumika, unakitunza, unakiuza kikiwa bado kinang'aa, halafu unaongeza kidogo unapata kikubwa zaidi. Mimi sijawahi kuona mtu anayependa kitu namna ile huku kila siku anafikiria atakavyoachana nacho.

Kila alasiri, wakishatoka msikitini, walikuja wageni wawili wale wale: Mwalimu Daudi, aliyefundisha watoto Kurani, na Tonton Alfani, mchuuzi wa samaki wakavu kutoka Isangi, mwenye sauti ya kuita pirogi iliyo ng'ambo ya mto. Kahawa ilikuwa ya Yangambi, ndugu yake mama alituletea kwa mashua. Mama Asha aliikaanga mwenyewe kwenye sufuria, akaisaga kwa kinu cha mkono mpaka bega likamwuma.

Kikombe cha kwanza alikunywa baba, kwa sababu fundi ndiye anayejaribu kazi yake. Cha pili kilikuwa cha Mwalimu Daudi, cha tatu cha Tonton Alfani. Cha nne, baada ya wageni kama ilivyo desturi ya kwetu, kilipelekwa kwa mama, uani. Mama alikunywa, akakunja uso kidogo sana, akasema, "Aksanti." Basi. Miaka minne, aksanti.

Baba alichungulia uso ule kila siku kupitia pazia. Wageni walimsifu mpaka akachoka, lakini yeye alitaka sifa moja tu, na haikuja. Alibadilisha raba ya ndani ya mashine, akachonga nyingine kutoka soli ya kiatu. Akalaumu maji, akalaumu hata shemeji yake wa Yangambi. Mwisho akaamua kosa ni la mashine yenyewe.

Ndipo akaingia Hilaire, mtu wa Yanonge, aliyekuwa mpishi katika mgahawa mmoja wa bandarini. Tajiri wake alipokimbia alimwachia mashine kubwa badala ya mshahara: mikono miwili, tangi la kutosha kanisa zima. Ilikuwa nzito mno, haikupata mnunuzi. Ndogo kama ya baba zilikuwa na soko, wakubwa wapya wa serikali walizitaka majumbani mwao. Hilaire akaizungukia ya baba, akaigonga kwa kucha.

"Iko muzuri, Papa Zuberi. Lakini raba haiko ya kwabo, ya Italia. Bei imeshuka. Donc, unipe hii, unaongeza na le tour yako, mi nakuletea ile kubwa."

Le tour ilikuwa mashine ya baba ya kuchongea vipuri vya saa. Bila hiyo, baba angekuwa mtu wa kubadilisha mikanda tu. Akakubali! Wakapeana mikono, mwezi wa saba 1964. Mimi nilimpigia kelele mpaka majirani wakasikia.

"Nyota," akasema, "mama yako hayapata kusema hata mara moja kama kawa yangu iko muzuri. Ile kubwa, atasema."

Mwezi uliofuata waasi walioitwa Simba wakaingia mjini. Hilaire alikuwa amekwama kwao Yanonge, alikoifuata ile kubwa. Mwalimu Daudi hakutoka kwake, Tonton Alfani hakuonekana, na sisi tulifunga mlango tukakaa watatu ndani, tukisikiliza malori. Siku ya nne, asubuhi, risasi zililia karibu na soko. Mama alianza kutetemeka, meno yakagongana. Baba hakujua afanye nini, basi akafanya kile anachokijua: akawasha mashine. Umeme ulikuwepo. Akashusha mkono, na safari hii hakuonja. Alikibeba kikombe kwa mikono miwili, akapiga goti mbele ya mama, akamnywesha.

Mama alimeza. Akakichukua kikombe mwenyewe, akanywa tena.

"Papa Nyota, ulisha badilisha mashine?"

"Hapana. Iko ile ile."

"Ile ile? Basi hii iko kawa gani? Hii iko tamu!"

Baba alisimama. Nilimwona akigeuka fundi. Alitengeneza cha pili, cha tatu, cha nne, bila kupumzika, akionja kila kimoja. Cha nne alikitema. Akagusa shingo ya mashine, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa imepata moto kupita kiasi, na kila kilichopita pale kiliungua. Ilitaka ipumzishwe nusu saa, hivyo tu. Miaka minne mama yangu alikuwa anakunywa masizi.

"Sababu gani haukusema, Asha?"

"Nilifikiri ndiyo vile Wazungu wanapenda. Na weye ulikuwa na furaha." Akamwangalia. "Na weye, sababu gani haukuniuliza?"

Nje walikuwa bado wanapiga risasi, na baba alisimama pale machozi yanamtoka kwa ajili ya kahawa.

Hilaire alifika mwaka uliofuata, mji ulipotulia, na mashine yake kubwa juu ya mkokoteni. Alikuwa na habari njema. Vitu vingi vya Wazungu viliibwa au vilivunjwa, na mashine ndogo nzima haipatikani tena mjini. Bei ya ile ya baba ilikuwa imepanda sana.

"Le tour ubakie nayo," akasema. "Moja kwa moja. Unipe, nikupe."

Hii ndiyo siku baba aliyoingojea tangu 1960. Sanduku lilikuwepo, bahasha ilikuwepo, kromu iling'aa. Mwalimu Daudi na Tonton Alfani walikuwa wameketi barazani, wakamwambia asilaze damu. Hata mimi nilimwambia.

"Haiuzwi," baba akasema.

"Papa Zuberi, uko na wazimu? Ile kubwa inatoa vikombe makumi mbili, vyote sawa sawa!"

"Ndiyo hiyo sababu. Kwa yako vyote viko sawa." Akachukua kikombe kilichotoka muda ule, akapita mbele ya Mwalimu, akapita mbele ya Tonton Alfani aliyekwisha kunyoosha mkono, akampa mama. "Hii yangu iko na ya kwanza."

Mama aliona haya mbele ya wageni. Akajifunika mtandio, akamwita mpumbavu, akakinywa chote.