Magari Saba Juu ya Mawe

Isaka Msengi alizaliwa Kinyangiri, katika ukoo wa wahunzi. Baba yake hakuwahi kumkabidhi mtu jembe kabla ya kulijaribu mwenyewe kwenye udongo mkavu nyuma ya kibanda chake. Likipinda lilirudi motoni, hata kama mwenye nalo amesimama pale akilalamika kwamba mvua imeshanyesha na wenzake wanalima. Watu walimwita mzee yule mkaidi. Ukaidi huo mwanawe aliurithi wote, akaenda nao mjini.

Mwaka mmoja baada ya Uhuru aliajiriwa kwenye karakana ya shirika moja la umma pale Singida, upande wa Utemini. Alianza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Akapelekwa kozi Dar es Salaam mara mbili, na kufikia mwaka 1973 alikuwa fundi mkuu. Mwaka huo ndipo yalipokuja magari manane ya kijivu.

Yalinunuliwa ng'ambo kwa ajili ya kazi ya vijiji: kupeleka wapima ardhi, mabwana shamba, wauguzi. Yalikuwa marefu, yana milango mitano na kiti cha ziada nyuma. Kitabu kilichokuja nayo kilikuwa na picha ya baba, mama, watoto watatu na mbwa, wamelisimamisha gari kando ya ziwa wanakula matunda.

"Hili ni gari la familia," alisema meneja wa karakana, Ndugu Laurian, siku ya kuyapokea. "Kama linabeba watoto wa wenzetu huko, na sisi litatubeba."

Madereva wakayaita Kanga, kwa ile rangi ya ndege huyo.

Dereva wa Kanga namba tatu alikuwa Bonifasi, mtu wa Manyoni, rafiki wa Isaka tangu wote wawili wakiwa vibarua. Hakunywa pombe, na aliendesha polepole kiasi kwamba abiria walimtania. Mwezi wa nne tu tangu magari yaje alikuja karakana akasema, "Isaka, usukani unacheza. Naukata kulia, gari linafikiri kwanza."

Isaka akaingia chini. Akakuta nati ya tairodi, kile chuma kinachounganisha usukani na gurudumu la mbele, imelegea. Akaikaza. Baada ya wiki mbili Bonifasi akarudi na neno lile lile. Ikakazwa tena, ikalegea tena. Jambo lililomsumbua Isaka ni kwamba ile pini ndogo inayozuia nati isizunguke ilikuwa mahali pake, haijakatika. Sasa nati inalegeaje?

Alilala chini ya gari lile asubuhi nzima. Mwishowe alitoa njiti ya kiberiti mfukoni akaipitisha kati ya nati na pini. Ikapita. Tundu la pini lilikuwa limetobolewa juu mno, kwa unene wa njiti moja tu. Pini ilikaa pale kama mlinzi aliyesimama nje ya uzio: yupo, lakini hazuii kitu. Kwenye lami pengine ingechukua miaka. Kwenye barabara zetu zenye matuta kama ubao wa kufulia, ilichukua wiki mbili.

Aliandika katika kitabu cha karakana mara tatu. Mara ya kwanza: nati inalegea. Mara ya pili: tundu limekosewa kiwandani, tuandikie waliotuuzia. Mara ya tatu aliandika kwa herufi kubwa: GARI NAMBA TATU LISITOKE.

Laurian alimwita ofisini. "Ndugu Isaka, kiwanda kina wahandisi mia tano. Wewe una njiti ya kiberiti."

"Njiti inatosha, ndugu. Njoo uone mwenyewe."

"Watu wanahamia vijijini, kuna wagonjwa, kuna kazi ya taifa. Unataka nimwambie nani kwamba magari mapya yamekaa kwa sababu ya njiti?"

Siku mbili baadaye Isaka alitumwa Kiomboi kutengeneza trekta. Aliuacha ufunguo wa namba tatu kwenye msumari wake ukutani, kama utaratibu ulivyotaka. Aliporudi, ufunguo haukuwapo. Laurian alikuwa amemtuma Bonifasi nalo Kilimatinde, akiwa na muuguzi mmoja na masanduku ya dawa. Lilipinduka kwenye mteremko. Muuguzi, dada Maria, alivunjika mkono. Bonifasi alikufa pale pale.

Kabla ya wiki kuisha ripoti ikatoka. Laurian aliisoma mbele ya wafanyakazi wote uwanjani: dereva alikuwa akienda mwendo kasi, na fundi mkuu hakukaza nati ipasavyo. Kisha akamwita Isaka ofisini, akamsogezea karatasi ya kukiri uzembe.

"Saini hapa, yaishe. Utapewa onyo, utahamishiwa stoo. Hutapoteza kazi."

Isaka aliisoma karatasi mpaka mwisho. "Na Bonifasi?"

"Bonifasi ni marehemu. Hadhuriki tena."

"Basi mimi sisaini," alisema Isaka. "Sitamsemea uongo mtu asiyeweza kunijibu."

"Usiposaini nakusimamisha kazi leo."

"Nisimamishe."

Akavua ovaroli, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ile karatasi, akatoka.

Baada ya msiba, mjane wa Bonifasi alikuja kwake. Aliitwa Febronia, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Mke wa Isaka alimkaribisha kiti, akakataa kukaa.

"Shemeji," alisema, "nimesikia ripoti. Nataka kusikia kwako. Ile nati uliikaza au hukuikaza?"

"Niliikaza mara tatu." Isaka akamweleza yote, tangu siku usukani ulipoanza kucheza mpaka zile herufi kubwa kitabuni. Febronia alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulijua kwamba gari lile litaua mtu."

"Nilijua."

"Ukaandika kitabuni."

"Niliandika."

"Kwa nini hukung'oa gurudumu?"

Miaka mingi baadaye, alipokuwa akisimulia habari hii, swali hilo Isaka alilirudia kila mara. Angeweza kung'oa gurudumu moja tu, akaenda nalo Kiomboi ndani ya gunia, na Bonifasi angekuwa hai. Aliheshimu utaratibu.

"Nionyeshe hiyo njiti inavyopita," Febronia akasema.

Mabaki ya gari yalikuwa nyuma ya karakana. Isaka hakuruhusiwa kuingia, lakini mjane alikuwa na haki ya kuchukua vitu vya mumewe, na mlinzi, mzee Melkizedeki, aliwaona wakija pamoja akageuka kutazama upande wa pili. Gurudumu lililochomoka lilikuwa limevunjika vibaya, halikusema kitu. La upande wa pili lilikuwa zima. Febronia alijifunga kanga yake vizuri, akajilaza chini kwenye mafuta na vumbi, akaipitisha njiti kwa mkono wake mwenyewe. Ikapita.

Alipotoka chini alilitoa koti la Bonifasi ndani ya gari. "Mangapi mengine yako barabarani?"

"Saba."

"Hao madereva wana wake?"

"Wanao."

"Basi unangoja nini hapa?"

Kwanza walikwenda hospitali kumwona dada Maria. Muuguzi yule alikuwa hajaulizwa na mtu yeyote aliyeandika ripoti. "Mwendo kasi?" alisema kwa hasira. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimhimiza, nikimwambia kaka, tutafika kesho. Alishuka kwa gia ndogo. Ghafla usukani ukazunguka bure mikononi mwake, hivi. Akaniambia, 'Dada, shika kiti.' Maneno yake ya mwisho ni hayo."

Alikuwa na mkono mmoja mzima, wa kushoto. Akaomba karatasi akaandika maneno hayo kwa mkono huo, herufi zikipanda na kushuka, akatia saini.

Ndipo Isaka akaanza safari. Alipanda malori, alikodi baiskeli, na mahali pengine alitembea. Alikwenda Ikungi, Manyoni, Kiomboi, Kinyangiri kwao. Kila alipolikuta gari la kijivu aliomba dakika mbili na dereva. Katika magari saba, njiti ilipita kwenye sita. Pale Itigi dereva aitwaye Petro alimwonyesha nati aliyoifunga kwa waya wa uzio. "Usukani ulikuwa unanisumbua," alisema. "Nikasema labda ni mimi sijui kuendesha."

"Si wewe," Isaka akamwambia.

Aliwaambia wote neno moja. Msiandike barua, msiende ofisini kulalamika. Mimi nimeandika, mwenzenu amekufa. Jumatatu alfajiri ng'oeni magurudumu ya mbele, gari liwekeni juu ya mawe, na magurudumu myapeleke kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa, myakabidhi mbele ya watu ili msiitwe wezi.

Lile gari la saba, ambalo njiti haikupita, lilikuwa la Ikungi. Isaka alimwambia dereva wake kwamba la kwake ni zima, aendelee na kazi. Dereva akajibu, "Leo ni zima. Nitang'oa."

Jumatatu hiyo simu ya karakana haikupumzika. Magari saba yalikuwa yamekaa juu ya mawe mkoa mzima. Kufikia mchana Laurian alikuwa amekwenda polisi na neno la kutisha la miaka ile: hujuma. Isaka alichukuliwa nyumbani kwake akila ugali, akawekwa ndani siku tatu.

"Umewachochea madereva wagome," alisema ofisa aliyemhoji.

"Hawajagoma. Wako kazini, wamekaa kando ya magari yao."

"Nani aliwaambia wang'oe magurudumu?"

"Mimi. Andika hivyo. Andika na jina la baba yangu, lisije likachanganywa na Isaka mwingine."

Ofisa aliandika, lakini aliandika pia habari ya njiti. Nje ya kituo, siku zote tatu, Febronia na dada Maria mwenye mkono wa bandeji walikaa kwenye benchi wakimweleza kila aliyepita. Siku ya nne makao makuu yalimleta mhandisi kutoka Dar es Salaam, kijana mtulivu aitwaye Urbano, na Isaka akatolewa aje kumwonyesha.

Urbano hakutumia njiti. Alikuja na kipimo cha chuma kwenye kasha. Alipima siku mbili, gari baada ya gari. Kisha akaomba kitabu cha karakana. Laurian alikuwa amekifungia kabatini. Hakukichana wala kukichoma, na nadhani ni kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba mtu angekisoma. Urbano alisoma zile kurasa tatu. Ile ya herufi kubwa aliisoma mara mbili.

Alirudi Dar es Salaam akaandikia kiwanda. Jibu lilichukua miezi miwili, na aliporudi nalo alimwita Isaka pembeni kabla ya kumwambia mtu mwingine.

"Kiwanda kilikuwa kinajua," alisema. "Mwaka mzima kabla ya ajali. Huko kwao walitangaza magazetini, magari ya toleo hili yarudishwe, yabadilishwe vyuma. Waliyauza hapa bila kusema kitu."

"Kwa hiyo wale watoto wa kwenye picha waliitwa warudi nyumbani," Isaka alisema, "sisi tukaachwa tuendelee kuendesha."

"Ndiyo hivyo."

"Liandike katika ripoti yako. Kwa Kiswahili, lisomwe na kila mtu."

Shirika lilikuwa tayari kumrudisha kazini kimyakimya. Isaka alikataa. Alisema tuhuma zilisomwa uwanjani, na ripoti mpya isomwe uwanjani, na asome yule yule. Akangoja wiki tatu nyumbani, akitengeneza baiskeli za majirani, mpaka wakakubali.

Siku hiyo uwanja ulijaa. Febronia alikuja na ndugu wa marehemu kutoka Manyoni, dada Maria alikuja na sare yake ya kazi. Laurian alianza kusoma akiwa ameinamisha kichwa, sauti yake haivuki mstari wa mbele.

"Sauti, ndugu," Isaka alisema kutoka katikati ya watu. "Ile ya kwanza tuliisikia mpaka sokoni."

Watu wakacheka. Laurian akaanza upya kwa sauti. Alisoma kwamba dereva Bonifasi hakuwa akienda mwendo kasi, kwamba fundi aliandika mara tatu, kwamba gari lilitolewa kinyume cha maandishi ya fundi. Alipomaliza, Febronia alisimama akasema, "Shemeji zangu hawa wamechelewa, hawakusikia mwanzo. Soma tena pale kwenye jina lake." Akasoma tena.

Laurian alihamishwa mkoa mwingine, hakushtakiwa. Isaka alisema hilo si sawa, akaandika barua, hakujibiwa, akaandika nyingine.

Vyuma vipya vilifika mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, masanduku manne kutoka ng'ambo, kila moja na karatasi yenye mihuri. Urbano alikuja mwenyewe kuvikabidhi.

"Hivi unaweza kuvifunga leo," alisema. "Vyote vimekaguliwa."

"Vimekaguliwa na nani?"

"Na kiwanda."

"Basi havijakaguliwa," alisema Isaka, akamwomba amwazime kile kipimo cha chuma.

Kazi ile ilichukua siku tisa. Vyuma viwili alivikataa, vikarudishwa vilikotoka vikiwa na barua aliyoiandika kwa mkono wake. Magari sita yakatoka karakana kwanza, na la saba likangoja juu ya mawe mpaka vilipokuja vyuma vilivyomridhisha.