Wasifu wa Mzee Aliyekimbia

Juzi nilikuwa steshenari moja ya mtaa wa Levolosi nikisubiri kutoa kopi. Mbele yangu mama mmoja wa Kimeru alikuwa anachapiwa wasifu wa marehemu baba yake, usomwe kanisani kesho yake. Ubatizo, kipaimara na ndoa vilikuwa na tarehe zake, maana usharika wa kanisa lao huandika.

"Alikimbia mbio ndefu kwa niaba ya taifa," akasema mama. "Akaleta medali."

"Mwaka gani, mama?" akauliza binti mchapaji.

Mama akatazama sakafu. "Tulikuwa wadogo. Cheti kililiwa na mchwa."

Redioni mtangazaji alisoma nani kazaliwa siku kama ya leo katika michezo. Alipofika kwa mshambuliaji mmoja wa Ulaya, binti akamwahi mtangazaji kutaja mwaka wa kuzaliwa, mji, hata klabu ya kwanza. Kisha akamgeukia mama kwa upole.

"Bila tarehe itaonekana tumetunga. Tuandike tu alipenda michezo."

"Andika, mwanangu."

Nilitaka kumlaumu binti, ila yule wa Ulaya hata mimi nilimjua. Halafu picha ya marehemu ikatoka kwenye printa. Ni mzee niliyempa shikamoo kila asubuhi, miaka yote, bila kumuuliza lolote.