Mama Kinyumenyume na Kiti cha Ukumbini

Saa tatu asubuhi, lango la chuo limeshafurika wageni wenye kofia na kamera. Mbele yao amesimama mwanamke mwembamba, mwavuli mwekundu juu ili asipotee machoni. Anaipa barabara mgongo, anawaelekezea wageni uso, kisha anaanza kutembea kinyumenyume.

Ndiyo kazi yake. Mji huu unaishi kwa chuo: jumba la makumbusho, mtaa wa vitabu vikuukuu, kuta zilizochorwa na wanafunzi, mikahawa yenye muziki kutwa. Wageni huja kuona, naye huwatembeza. Wanafunzi walimbatiza Mama Kinyumenyume, na jina limemganda.

"Ukiwapa mgongo hawakusikii, na wasipokusikia wanakupotea," anasema, kisigino chake kikipapasa ukingo wa ngazi bila yeye kutazama. "Macho yangu yako kwao. Njia naijua kwa visigino."

Visigino hivyo ndivyo vinavyomlisha, na ndivyo vinavyomtesa. Msimu huu anatembeza makundi matatu kwa siku, na siku akiugua hana kitu. Jioni huloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na mara nyingi usingizi humkuta hapo hapo, maji yakipoa. Amechoka, jamani, wala hafichi.

Kundi linafika kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza. Ukutani pana bango la mchezo wa Ijumaa, na msichana aliye katikati ya picha ni bintiye, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Lakini hawaambii wageni kwamba ni mwanawe.

"Huyu binti ana kipaji, msikose," anasema tu, halafu anawapitisha.

Ukimya huo una kisa chake. Kwa miaka mingi alikuwa akiishia mlangoni na wageni wake. Mwaka jana, binti alipopata nafasi ya kuigiza, mama aliingia kwa mara ya kwanza, ametoka moja kwa moja kazini. Kiti kilikuwa laini, taa zikazimwa. Alikuja kushtuliwa na makofi ya mwisho.

"Nikapiga makofi kuwashinda wote," anakumbuka, akicheka kidogo. "Nyumbani nikamwambia, mwanangu, leo umetisha! Akaniuliza, 'Mama, kwani nilikuwa nani?' Nikabaki nimetoa macho."

Kumbe binti alikuwa amemwona toka jukwaani, kichwa kimelala begani, mdomo wazi.

Safari hii hakumkaribisha. "Mama, Ijumaa we pumzika tu, nitakusimulia," alimwambia. Aliyasema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma mama kuliko kama angefokewa. Ni mchezo wa mwisho wa binti kabla ya kumaliza chuo. Hakuna mwingine wa kuja kusahihishia makosa.

Mama aliomba asipangiwe kundi la jioni siku hiyo. Msimamizi wake akagoma: "Dada yangu, Ijumaa wageni ni wengi mno. Wafikishe mlangoni kwanza, ndipo uwe huru."

Kwa hiyo atafika ukumbini vile vile kama mwaka jana, vumbi miguuni na kope nzito.

Wageni wametawanyika kupiga picha. Mwandishi wa makala haya, aliyefuatana na kundi tangu langoni, anamwonyesha benchi lililo kivulini, wakae wamalizie mazungumzo. Anatikisa kichwa.

"Nikikaa hapo, ndugu yangu, kundi la pili utalitembeza wewe," anatania, akihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Halafu utani unamwisha. Anatazama tena bango.

"Tiketi nimeshakata. Hajui. Ila kile kiti sikitaki, wampe mwingine. Nimemwomba bawabu anisimamishe nyuma kabisa, ukutani. Nikisimama silali. Na akiniuliza tena alikuwa nani, nitamjibu."