Mafuta Juu ya Dhahabu

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya nyuso hapa Nakuru, Profesa hakunipa kiti. Alinipeleka kwenye sinki, akanitazama mikono.

"Njoroge, umejipaka nini?"

"Mafuta ya kawaida tu, Profesa."

"Mafuta ni ya nyumbani. Hapa tunakuja tumepauka."

Nilidhani ananitania. Mama alitulea akisema mtoto aliyepauka ni mtoto asiye na wenyewe, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Nilikuwa nimetoka kuhudumu katika maabara za shule za sekondari, kwanza Keringet, kisha karibu na mjini. Huko niliosha chupa, nikapima asidi na kufungia spiriti mbali na wanafunzi wenye kiu. Mwalimu mkuu wa Keringet aliniita "daktari wa chupa". Elimu yangu ni kidato cha nne, na kazi mpya ilinitia hofu. Hata jina lake lilileta matatizo: mama mmoja alibisha hodi akiuliza kama hapo ndipo wanapotibu chunusi.

Nyuso tulizozichunguza, yaani sehemu za juu za vitu, zilikuwa za dhahabu. Unachukua kipande cha kioo kilichopakwa dhahabu nyembamba mno, unakitumbukiza katika spiriti iliyotiwa thioli. Thioli ni molekuli ndefu yenye salfa upande mmoja, na hunuka kuliko kitunguu kilichooza. Mke wangu alikuwa akinivulisha koti nje ya mlango. Salfa huipenda dhahabu. Ukikiacha kioo humo hadi kesho yake, kila molekuli huishika dhahabu kwa salfa na mkia wake husimama juu, zikabanana kama ngano ya Njoro kabla ya mavuno. Hakuna anayezipanga. Zinajipanga zenyewe, na utando wote una unene wa molekuli moja tu.

Jicho halioni kitu hapo. Tulitumia spektromita, mashine inayorusha mwanga wa infraredi, ambao nao hauonekani, ukaiparuza dhahabu na kurudi. Molekuli hula sehemu ya mwanga huo, na pale ulipoliwa mchoro wa kwenye skrini huinuka kama kilima. Molekuli zikisimama wima, kilima hukaa mahali pake. Zikilegea, au zikichanganyika na uchafu, kilima husogea kidogo. Shida ni kwamba mafuta ya kujipaka yana mikia ileile ya kaboni na hidrojeni. Mashine haijui tofauti ya sayansi na mafuta ya Njoroge.

Nilifanya kazi hiyo miaka mingi bila doa. Kisha akaja Chepkoech, mwanafunzi wa shahada ya uzamili kutoka familia ya wakulima. Kama wengi wetu wa bonde hili, meno yake yalikuwa na rangi ya kahawia kwa sababu ya floridi ya maji ya visima, na alipocheka aliziba mdomo kwa kiganja. Alitengeneza thioli yake mwenyewe, yenye boroni kwenye ncha ya mkia, kwa kuwa boroni huikamata floridi. Alitaka mtu aweze kuchovya kioo katika maji ya kisima na kujua kama yanafaa kunywewa. Maabara moja ya ng'ambo ilikuwa tayari kumpokea, mradi tu apeleke matokeo safi kabla ya mwisho wa mwezi.

Siku ya kuandaa kioo chake cha kwanza nilikuwa na ruracio ya mpwa wangu, sherehe ya kupeleka mahari, huko Lanet, na niliogopa kufika mbele ya wakwe na mikono kama ya mchimba mawe. Nikajipaka mafuta asubuhi. Kioo kikateleza kwenye kibano, nikakidaka kwa kidole kitupu. Nikakisuuza kwa spiriti, nikakirudisha kwenye thioli, nikaenda zangu Lanet.

Kesho yake mchoro ulitoka na vilima virefu kuliko vyote tulivyowahi kuona.

"Aki mzee, ona! Zimejaa kama mahindi!" Chepkoech akapiga makofi.

Profesa aliinama kwenye skrini. "Ni virefu, lakini vimesogea. Nani alishika hiki kioo?" Akanigeukia. "Njoroge?"

"Nilitumia kibano, Profesa."

Ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu hiyo ilitosha kudanganya. Profesa akaamua kwamba thioli ya msichana ni chafu. Chepkoech akaanza kuisafisha upya, tena na tena, na kila mara sehemu yake ilipotea, mpaka ikaisha yote. Mwezi nao ukaisha. Nilimwona kila siku. Nilimpikia chai. Sikusema.

Jioni moja nikamkuta akipanga vitabu vyake katika katoni.

"Mzee, labda kemia si yangu. Naenda nyumbani nikasaidie kukama."

Ndipo nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo nimekuwa nikisafisha kitu kilichokuwa safi."

"Ndiyo."

"Ju ya ruracio."

"Ndiyo, msichana wangu."

"Na hao wakwe waliisifu hiyo mikono, angalau?"

"Hakuna aliyeitazama."

Alicheka, kiganja mdomoni, kisha kicheko kikakatika, akaanza kurudisha vitabu rafuni bila kunitazama.

Kesho yake nikamwambia Profesa pia. Hakunifukuza. "Kioo kichafu nakitupa, nina kingine," alisema. "Neno lako nikilitupa, nitafanya kazi na nani?"

Chepkoech alitengeneza thioli mpya tangu mwanzo. Vilima vilitoka vifupi, lakini mahali pake hasa. Tulichovya kioo katika maji ya mvua, mchoro haukubadilika. Tukakichovya katika maji ya kisima, alama ya boroni ikahama mbele ya macho yetu. Profesa alitoka nje kwa muda, akarudi amefuta miwani.

Ile nafasi ya ng'ambo alipewa mtu mwingine. Wiki zile sikuweza kumrudishia, na sijidanganyi kwamba mwisho mwema ulizifuta. Alisomea hapahapa hadi udaktari, na leo maabara ni yake. Vioo vyake bado havijafika sokoni, ila vimeshachovywa katika visima kadhaa vya hapa kwetu, na ninajua familia zilizohamia kisima cha jirani kwa sababu ya kile vilichoonyesha.

Katika wiki yangu ya mwisho kabla ya kustaafu, mwanafunzi mmoja mgeni alinijia mbio, kibano kikiwa bado mkononi.

"Mzee, nimeharibu. Nimekishika na kidole, saa hii tu."

Alisema hivyo waziwazi, mbele ya Daktari Chepkoech na wenzake wote, na hakuna aliyeinua sauti. Nilimwonea wivu kidogo. Kisha nikamwonyesha dhahabu nyingine ilipo.